Aliyebeba Mayai

Jumatatu, 4 Machi

Kwa mke wa mdogo wangu,

Salamu zimfikie mgonjwa kwanza. Zikibaki, chukua wewe.

Nakuandikia kwa sababu simu kati yetu imeshindikana. Siku ile ulinikatia nikiwa katikati ya sentensi. Miaka yote niliyokaa ukarani mahakamani, hata majambazi waliniacha nimalize kuwasomea mashtaka yao. Kwa hiyo kila kifurushi cha nguo safi za mdogo wangu nitakachopeleka ofisi ya basi kitakuwa na barua chini yake. Nawe ukirudisha nguo chafu, jibu hivyo hivyo. Daktari amesema mtu aliyepasuliwa mgongo asisikie ugomvi kando ya kitanda, na karatasi haina sauti.

Sasa habari za samaki wenu. Niliambiwa nikija kuwalindia nyumba mkiwa hospitali nitaachiwa samaki. Nimekaa mbele ya hilo tangi tangu chai ya asubuhi, nikaona mawe, matumbawe yanayopepea kama nguo kwenye kamba, konokono mmoja anayelamba kioo, na vitu viwili vyembamba kuliko penseli, rangi ya chungwa, mstari wa buluu ubavuni, na kijimkia kama kipepeo. Havipigani, havifukuzani, na ukigonga kioo haviji hata kuuliza nani anagonga. Hii ndiyo burudani ya mwanamume mzima? Nyumba haina hata mtoto wa kuvunja glasi, halafu mmeongeza samaki wasiovunja hata kimya.

Jirani fundi viatu alipita kuangalia. Akainama, akafikicha macho, akaniambia, "Mama, kumbe siku hizi mnafuga kamba za viatu?"

Dukani nimeona samaki mmoja wa maana, wa manjano, mwenye hasira za kutosha. Nataka kumnunua ili sebule ichangamke. Niandikie hao wengine wanakula nini, na kama wana faida yoyote hapa duniani.

Jambo la mwisho. Mgonjwa akirudi amesimama wima, ukoo utakaa kikao. Unajua tutakalozungumza. Ndoa isiyo na mtoto ina mwisho wake, na mimi ndiye nitakayefungua mazungumzo. Jiandae.

Dada wa mume wako

---

Alhamisi, 7 Machi

Mheshimiwa Dada wa Mume Wangu,

Shikamoo, kama bado unazipokea kutoka kwa watu wa chini.

Mgonjwa amepata salamu zake. Nilikuwa nimebakiwa na chache, nikamwongezea na hizo, maana mimi sikuziona zikinikaa. Analala chali kama ubao wa kupigia pasi. Anauliza habari za tangi kuliko habari zako.

Usinunue samaki wa manjano. Usinunue samaki wa rangi yoyote. Hilo ni tangi la amani, yaani wanaoishi humo ni wale wasioweza kugombania tonge. Hao wembamba wanaitwa samaki-mrija. Mdomo wao ni tundu la sindano. Chakula kikipita mbele yake, anakitazama, anafikiri, anakitazama tena, ndipo anafyonza. Ukimpa jirani mwenye pupa, huyo jirani atamaliza kila kitu wakati mwenzake bado anafikiri. Watakufa njaa katikati ya chakula. Najua kwako hili ni gumu kulielewa, nimekuona mezani.

Juu ya jokofu kuna chupa yenye mrija wa hewa. Humo vinaanguliwa vikamba vichanga, jamii ya uduvi, utaviona kama vumbi linalotembea. Asubuhi na jioni zima pampu, vuta vikamba kwa lile bomba la sindano lisilo na sindano, vimwage polepole mbele ya jiwe lenye pango, kisha ngoja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Usigonge kioo, si mlango wa mdaiwa. Maji yakipungua, ongeza yale ya dumu la buluu, si ya bombani. Wale ni mtu na mke wake, na kila asubuhi wanatoka kusalimiana, wanazungukana kabla ya kula. Ukiwaona wanasalimiana, ujue siku ni nzuri. Hata wewe unaweza kujifunza kitu hapo.

Kuhusu kikao. Ulikuja kwangu kwa siku chache, na sasa unaniitishia mkutano sebuleni kwangu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimekupa bomba la sindano, shukuru Mungu. Tangu niolewe hujawahi kunisalimia kama watu wanavyosalimiana. Nikikufungulia mlango: "Vipi, bado?" Nikikuletea maji ya kunywa: "Bado tu?" Haya, bado. Kikao kikiwadia nitakuja nimejisuka mwenyewe, mtindo wa gharama.

Msusi, kama unavyopenda kuniita

---

Jumatatu, 11 Machi

Kwa msusi,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba nusu. Nusu nyingine utaipata ukijirekebisha.

Nguo hizi nimezipiga pasi upya, hata zile zilizokuwa kabatini. Sikujua mdogo wangu anatembea mjini na mikunjo ya aibu namna ile.

Nimewalisha hao wakwe zako. Nilizima pampu, nikamwaga vumbi lako, nikangoja. Goti likaingia ganzi. Nimengoja hukumu nyingi maishani mwangu, na sijaona hakimu mzito kama hawa. Mmoja alimkodolea macho kikamba kimoja mpaka kikamba chenyewe kikaondoka.

Lakini jana nimeona jambo, na naliandika kwa furaha. Mmoja wao ana mayai. Yamepangwa chini ya tumbo, safu kwa safu, kama shanga zilizoshonwa kwenye mkanda. Nilivaa miwani, nikaivua, nikaifuta, nikaivaa tena. Ni mayai. Basi hata kiumbe mwembamba kama uzi, asiye na mikono, asiye na akili, ndani ya boksi la kioo, ameweza jambo lililokushinda wewe katika nyumba yenye vyumba vya kulaza watoto. Nilicheka peke yangu mpaka konokono akasimama.

Nikamwangalia yule mwingine. Tumboni hana kitu. Kazi yake ni kumzunguka mama wa watu, kumsogelea, kumlia chakula cha ujauzito. Nikasema huyu ni mume wa bure, na mama anahitaji nafasi. Nimemtoa. Nimemweka kwenye mtungi wa glasi uliokuwa wa sukari, na maji ya tangi, jikoni dirishani, atafakari. Mwenye kuzaa akae, asiyezaa apishe. Laiti na kwa watu ingekuwa rahisi hivi.

Na kwa kuwa sipendi mambo ya kichinichini, nakutajia wewe kabla ya kumtajia mdogo wangu: yuko mwalimu wa chekechea, binti wa rafiki yangu wa mahakamani. Mpole, ana nyonga, na watoto wanamfuata kama vifaranga. Nitamleta kwenye mazungumzo.

Utasema nina roho mbaya. Mama yetu alipofariki nilimbeba yule mtoto mgongoni, mimi mwenyewe bado naogopa giza. Nilimlisha, nilimpeleka shule, nilimtafutia fundi saa wa kumfundisha kazi. Siwezi kukubali yaishie kwake, kwenye meza ya saa mbovu, bila mtu wa kumwita baba. Hilo nimeliandika bila dharau. Mengine yote nimeyaandika kwa dharau.

Dada wa mume wako

---

Alhamisi, 14 Machi

Mheshimiwa,

Weka barua chini uende jikoni. Mrudishe tangini sasa hivi. Maji ya mtungi yanapoa na hayana hewa.

Umerudi? Sasa soma.

Aliyebeba mayai ni dume. Samaki-mrija ndivyo walivyo: jike humkabidhi mumewe mayai, na mume huyabeba chini ya tumbo mpaka yaanguliwe. Yule uliyemwita mume wa bure ndiye mke. Mayai yale yametoka mwilini mwake yeye, akampa mwenzake, na kila asubuhi alikuwa anakwenda kumjulia hali. Wewe ukamtia kwenye mtungi wa sukari. Umemfukuza mama nyumbani kwake ili apatikane mtu wa kuzaa.

Miaka yote hiyo mahakamani, na bado unahukumu kabla ya kumsikiliza shahidi. Hukuuliza. Katika maisha yako umewahi kuniuliza swali moja tu, na jibu lake hujawahi kulisubiri.

Huyo mwalimu wa chekechea mlete na nyonga zake, kiti kipo. Kuhusu mengine uliyoyaandika ninayo majibu, yamenijaa kinywani. Nameza. Nimemeza tangu zamani, leo hayatanikaba.

Nakuomba kitu kimoja, na hiki naomba kweli: barua zako ziweke chini kabisa, ndani ya kanga zangu. Mgonjwa ameanza kukalishwa, na anapenda kufungua vifurushi mwenyewe.

Msusi

---

Jumamosi, 16 Machi

Kwa msusi,

Dume kubeba mayai! Nilidhani dawa za usingizi anapewa mgonjwa, kumbe mnagawana.

Hata hivyo mimi ni mtu wa ushahidi. Nimekwenda duka la samaki nikamuuliza mwenye duka mbele ya wateja. Alichonijibu ni siri yangu na yake, na kwa alivyocheka, sirudi tena dukani mwake.

Yule wa mtungini nimemrudisha. Hajambo. Wote hawajambo. Sina zaidi kuhusu samaki.

Lakini usidhani umeshinda. Samaki ni samaki. Kwa watu, anayebeba ni mwanamke, na asiyebeba ni mwanamke pia. Wewe kama umekosa, umekosa, usijifiche nyuma ya maajabu ya majini. Ungekuwa na haya ungemwachia mdogo wangu njia kabla ukoo haujakuonyesha mlango. Kikao kiko palepale.

Nguo ni fulana na pajama. Kanga zako sikuzipata, umezitupa wapi sijui. Barua nimeiviringisha ndani ya fulana.

Dada wa mume wako

---

Jumanne, 19 Machi

Dada,

Shikamoo.

Kifurushi cha juzi nilikifungua mimi. Mke wangu alikuwa amekwenda kuchota maji ya moto. Nilipokunjua fulana barua ikaangukia kifuani, nikadhani ni yangu, nikaanza kuisoma, nikashindwa kuacha. Aliporudi nikamwomba na zile za kwanza. Akakataa. Nikamwambia basi nitainama kuzitafuta chini ya kitanda, na daktari amenikataza kuinama. Akanipa. Alikaa dirishani nilipokuwa nasoma, hakunigeukia.

Naandika nimelala chali, uvumilie mwandiko.

Tulipimwa, Dada. Ni zamani, ndoa ikiwa bado changa. Yeye mzima. Asiye na uzazi ni mimi. Sitapata mtoto kwake, wala kwa mwalimu wa chekechea, wala kwa mwanamke yeyote utakayemleta.

Tulipotoka kwa daktari nilitaka kuja kwako moja kwa moja. Yeye ndiye alinishika mkono njiani. Akasema, "Dada yako akijua atakuhurumia, na huruma yake huiwezi. Atakubeba tena mgongoni mbele za watu. Acha anidharau mimi, mimi nina mdomo." Nikakubali, na nilikubali upesi, hakuhitaji kunibembeleza. Tangu hapo kila ulipokuja nilikusikia mlangoni ukimuuliza "bado?", na mimi pale mezani nikabana kioo cha kukuzia jichoni na kuinamia saa za watu. Umeandika vizuri sana jinsi ya kumdharau mtu. Naona umekosea anwani tu.

Samaki wale niliwanunua kwa sababu ya dume. Muuzaji aliponieleza, nilisimama pale dukani nikashindwa kuondoka. Mke wangu aliniangalia, akaenda kuuliza wanakula nini.

Kikao kiitishe. Nitakuja na nitayasema haya mbele ya wajomba na mashangazi, kwa sauti. Kama unaona hayasemeki mbele ya watu, usikiitishe.

Jike yuko hai? Umeandika "hajambo". Nakujua, Dada. Neno hilo unalitumia wakati mambo ni mabaya.

Mdogo wako

---

Ijumaa, 22 Machi

Wifi,

Barua ya mdogo wangu imefika. Nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Sitaizungumzia hapa, sijui pa kuishikia.

Nilikudanganya kuhusu mtungi. Nilipolifikia lile dirisha alikuwa amelala ubavu chini kabisa, anapumua kwa mbali. Nilimrudisha kwa kikombe, polepole. Na dume alikuwa hajala tangu nimtoe mwenzake. Hilo nalo sikukuandikia. Alikuwa ndani ya pango na mayai yake, hatoki. Niliwamwagia vikamba mlangoni pa pango, nikazima pampu, nikangoja. Safari hii sikuhesabu goti.

Kila asubuhi nilikwenda kutazama kama watasalimiana. Hakuna. Kila mmoja kona yake. Fundi viatu akaja na mzaha wake wa kamba za viatu, nikamfukuza na kiatu chake mkononi.

Leo dume ametoka. Amempita jike kwa mbali, akarudi, akamzunguka. Jike akainua kichwa kidogo. Halafu wakaanza kuzungukana, taratibu, kwa uzito wao ule ule unaoudhi. Niliacha chai ikapoa. Jike amefyonza kikamba kimoja, nimekiona kikiingia.

Sasa nikuambie neno. Wewe ni mjinga, wifi. Mtu mwenye ulimi kama wako, unyamaze miaka yote hii? Ungenitukana. Ungenipa jibu hilo usoni siku ya kwanza, ningeanguka hapo hapo mlangoni na kesi ikaisha. Badala yake uliniacha niendelee. Nilikuwa nikitoka kwako narudi kwangu moyo mweupe kabisa, nikijua nimekuumiza na nikiona nimetimiza wajibu. Nalia nikiandika haya, na sipendi kulia mbele ya konokono.

Kikao hakipo. Mwalimu wa chekechea nimemwambia ukoo wetu una wazimu wa kurithi. Ameshukuru haraka mno, nikaudhika kidogo.

Nimefungasha. Chumba nimekifagia. Ufunguo nitamwachia fundi viatu, nimemfundisha kuzima pampu, ingawa mikono yake ina gundi. Msinikute. Sina uso wa kukufungulia mlango.

Pasi yako bado ni mbaya. Hilo halihusiani na lolote.

Wifi yako

---

Jumatatu, 25 Machi

Wifi,

Shikamoo.

Fundi viatu asiguse tangi langu. Mnyang'anye ufunguo leo hii, kabla hajawatia samaki gundi.

Usijidanganye kwamba nimekusamehe. Barua moja yenye machozi haifuti chochote. Na usinisifu kwa kunyamaza, sikunyamaza kwa ajili yako. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ziko siku nilimchukia yeye kuliko nilivyokuchukia wewe, pale unaponitupia neno mlangoni na yeye anajifanya saa imemshinda. Jana nimemwambia hivyo, kwa mara ya kwanza. Aligeukia ukutani. Baadaye akageuka upande wangu bila kushikwa na mtu. Muuguzi akapiga makofi akidhani ni habari za mgongo.

Sasa sikiliza kazi. Mayai yakianza kuonyesha vidoti vyeusi, hayo ni macho, wamekaribia kuanguliwa. Watoto wenyewe ni kama kope. Muuzaji alituambia mapema kwamba wengi hawatapona, hata kwa mabingwa. Lakini mtu awepo. Pampu izimwe, la sivyo itawavuta. Mtu akae pale na bomba la sindano angoje, na mimi simjui mwingine aliyekwisha kujifunza kungoja, hata kama amejifunza uzeeni na kwa manung'uniko. Fungua mabegi yako.

Tunarudi Jumamosi kwa basi la mchana. Yeye haruhusiwi kubeba kitu, kwa hiyo mizigo yote nitakuwa nayo mimi. Utasikia hodi. Usimtume jirani, fungua wewe.

Na ukinifungulia, niulize habari za safari.

Msusi